Mkataba wa Beckham: bei ya jina na thamani ya mchezaji

Kila inapotangazwa kwamba mcheza kandanda fulani ametia saini mkataba wa mamilioni ya dola, mjadala huzuka majumbani. Baba hutikisa kichwa na kuuliza ni kazi gani hiyo ya kupiga mpira inayomzidi kipato daktari bingwa. Mama huuliza fedha hizo zingejenga zahanati ngapi. Kijana hasemi kitu, lakini moyoni ameshaliweka daftari kando. Wote wameisikia tarakimu ile ile, na kila mmoja ameondoka na fundisho lake.

Sisi tunaona kuwa swali la iwapo mchezaji anastahili malipo kama hayo linahitaji hesabu kabla ya hasira, na hesabu iliyo rahisi kukaguliwa ni ile iliyokwisha kufungwa. Mikataba inayozungumzwa zaidi siku hizi, kama ule wa Cristiano Ronaldo na klabu ya Al Nassr ya Saudi Arabia, au ule wa Lionel Messi na klabu ya Inter Miami ya Marekani, faida na hasara zake bado hazijatulia. Kwa hiyo tumerudi nyuma hadi mwaka 2007, kwenye mkataba uliotangulia kufungua njia: ule wa Mwingereza David Beckham na klabu ya Los Angeles Galaxy. Mkataba huo ulianza, ukaisha, na matokeo yake yakaonekana. Tuupime.

Tarakimu iliyoizunguka dunia

Tarehe 11 Januari 2007 ilitangazwa kwamba Beckham, wakati huo akiwa na umri wa miaka 31, angeiacha Real Madrid msimu utakapokwisha na kuhamia Los Angeles kwa mkataba wa miaka 5. Tarakimu iliyoandikwa magazetini kote duniani ilikuwa dola milioni 250. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni dola milioni 50 kwa mwaka, karibu milioni 1 kila wiki. Aliyeisoma habari hiyo alifahamu, kama ilivyoandikwa, kwamba klabu moja imefungua kasha lake na kumwaga fedha zote hizo miguuni mwa mchezaji mmoja.

Haikuwa hivyo. Chama cha wachezaji wa ligi ya Marekani kina desturi ya kuchapisha mishahara ya wanachama wake, na orodha ilipotoka ilionesha kuwa Beckham alikuwa akipata kiasi cha dola milioni 6 na nusu kwa mwaka. Zidisha mara 5 upate milioni 32 na nusu, ambayo ni chini ya sehemu moja kwa saba ya ile milioni 250. Kiasi kilichosalia kilikuwa makisio: fedha za matangazo ya biashara, udhamini wa makampuni, na sehemu ya mapato ya jezi na ya klabu. Fedha hizo zingeweza kupatikana, na zingeweza pia zisipatikane. Waliozijumlisha zote katika tarakimu moja walikuwa wanatangaza biashara, na tarakimu kubwa nayo ni tangazo.

Ndani ya mkataba kulikuwa pia na kifungu ambacho siku ile hakikupewa uzito mkubwa. Kilisema kwamba Beckham atakapomaliza kucheza atakuwa na haki ya kununua klabu mpya katika ligi hiyo kwa bei ya dola milioni 25, hata kama wakati huo bei ya wengine itakuwa imepanda. Msomaji akiweke akilini kifungu hicho, kwani tutakirudia.

Ligi iliyowahi kuungua mkono

Ili kuelewa kwa nini Wamarekani walilitaka jina la Beckham kwa gharama yoyote, ni lazima tukumbuke kwamba walikuwa wamekwisha jaribu dawa hiyo hiyo na ikawadhuru. Mwaka 1975 klabu ya New York Cosmos ilimchukua Pelé, na baada yake, mwaka 1977, akaja Mjerumani Franz Beckenbauer. Mwaka huo huo mechi moja ya Cosmos iliwahi kuhudhuriwa na watu 77,691. Klabu nyingine zilipoona umati ule nazo zikaingia sokoni kununua majina makubwa, mengi yao ya wachezaji ambao jua lao lilikuwa linatua. Ligi ikapanuka hadi kufikia klabu 24. Lakini matumizi yalikimbia mbele ya mapato, na baada ya msimu wa 1984 ligi nzima ikafunga milango.

Ligi ya sasa, ijulikanayo kama MLS, ilianza mwaka 1996, miaka miwili baada ya Marekani kuandaa Kombe la Dunia. Nayo ilianza kwa taabu. Mwanzoni mwa mwaka 2002 klabu mbili za jimbo la Florida zilivunjwa, zikabaki 10. Kati ya hizo 10, kulikuwa na wakati ambapo 6 zilikuwa chini ya mmiliki mmoja, tajiri Philip Anschutz, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye Galaxy. Ligi ambayo zaidi ya nusu ya timu zake zinategemea mfuko wa mtu mmoja ni ligi iliyosimama kwa mguu mmoja.

Kwa kuogopa yaliyowapata waliotangulia, viongozi wa MLS waliweka kikomo cha mishahara. Mwaka 2007 kila klabu iliruhusiwa kutumia takriban dola milioni 2.1 tu kwa mishahara ya wachezaji wake wote. Sasa angalia mkanganyiko: mshahara wa Beckham peke yake ulikuwa mara tatu ya kikomo cha timu nzima. Ikabidi itungwe kanuni mpya, ambayo watu waliipa jina lake. Kanuni hiyo iliiruhusu klabu kumlipa mchezaji maalumu kiasi chochote, ila katika hesabu ya kikomo zingehesabiwa dola 400,000 tu. Kilichozidi kingetoka mfukoni mwa mmiliki mwenyewe. Kwa njia hiyo mlango ulifunguliwa upenyo, lakini haukuachwa wazi. Upenyo huo ndio uliokuja kuamua mambo mengi.

Hesabu ya uwanjani

Beckham aliwasili Los Angeles mwezi wa Julai 2007 akiwa ameumia kifundo cha mguu. Tarehe 21 alitokea benchi na kucheza dakika za mwisho tu za mechi ya kirafiki dhidi ya Chelsea, mbele ya kamera zilizokuwa zikimfuata yeye hata alipokuwa ameketi. Msimu ule alicheza mechi 5 tu za ligi. Mechi moja kati ya hizo, iliyochezwa karibu na New York tarehe 18 Agosti, iliwavuta watazamaji 66,237, umati ambao ligi ile haikuuzoea kabisa katika mechi za kawaida. Galaxy walifungwa 5 kwa 4 siku hiyo, na msimu ulipokwisha hawakufuzu hata kuingia hatua ya mtoano. Mwaka uliofuata Beckham alicheza mechi 25. Timu ikakosa tena hatua hiyo.

Januari 2009 alikwenda kwa mkopo AC Milan ya Italia, akachelewa kurejea hadi katikati ya msimu wa Marekani. Aliporudi, mashabiki wa Galaxy wenyewe walimzomea na kunyanyua mabango ya kumkebehi. Landon Donovan, mchezaji bora wa Marekani wa wakati ule, aliyekuwa amemwachia Beckham unahodha alipofika, alilalamika hadharani kwamba mwenzake hakujitoa kwa timu kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2010 Beckham alikwenda tena Milan, na tarehe 14 Machi akakatika kano ya kisigino. Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita, na sehemu kubwa ya msimu wa Galaxy ikapotea.

Kama tungefunga daftari hapo, hukumu ingekuwa nyepesi. Lakini tangu mwaka 2008 klabu ilikuwa imemkabidhi timu kocha Bruce Arena, na yeye hakuanza na nyota. Alianza na ukuta wa nyuma, akamleta beki kijana Omar Gonzalez mwaka 2009, akawapatanisha wakubwa wa timu, na mwaka 2011 akaongezewa mshambuliaji Robbie Keane kutoka Ireland. Tarehe 20 Novemba 2011 Galaxy wakatwaa ubingwa kwa bao 1 kwa 0 dhidi ya Houston Dynamo. Bao lilitoka kwa Donovan, kwa pasi ya Keane, baada ya mpira kupitia kwa Beckham. Wale wawili waliokuwa hawapatani ndio walioshirikiana. Tarehe 1 Desemba 2012 wakatwaa tena, wakiwafunga Houston wale wale mabao 3 kwa 1, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya Beckham Marekani.

Kwa jumla alicheza mechi 98 za ligi na kufunga mabao 18 katika misimu 6. Msimu wa ligi ile ulikuwa na mechi 30, na baadaye 34. Hivyo alicheza zaidi kidogo ya nusu ya mechi alizotarajiwa kucheza. Yeye ni kiungo, na kazi ya kiungo haihesabiwi kwa mabao peke yake. Hata hivyo mwajiri yeyote ambaye fundi wake anafika kazini siku moja na kukosa ya pili angekuwa na neno la kusema.

Waliolipa bila kutajwa

Katika chumba kile kile cha kubadilishia nguo alimovalia jezi mtu wa dola milioni 6 na nusu, walikuwamo vijana chipukizi ambao malipo yao ya chini kabisa, kwa mwaka 2007, yalikuwa dola 12,900 kwa mwaka. Gawanya, utaona kwamba mmoja alipata zaidi ya mara 500 ya mwingine. Ukitoa kodi ya nyumba katika mji kama Los Angeles, dola 1,075 kwa mwezi hazimwachii kijana kitu cha kutuma kwa mama yake.

Wengine watasema kila mtu ana riziki yake, na ni kweli. Lakini hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lazima lisemwe. Zile dola 400,000 zilizohesabiwa kwa jina la Beckham zilikula karibu sehemu moja kwa tano ya kikomo cha timu. Donovan naye alikuwa na mshahara mnono. Wachezaji wengine wote waligawana kilichosalia, na klabu ikashindwa kuwa na mabeki wa kutosha na wachezaji wa akiba wanaofaa. Kwa hiyo nyota alipoumia hapakuwa na wa kuziba pengo, na alipokuwa mzima krosi zake ziliwakuta wenzake waliochoka. Kufungwa kwa Galaxy katika miaka miwili ya mwanzo hakukuwa bahati mbaya. Ni nyumba iliyonunuliwa mlango wa fedha na kuezekwa kwa makuti.

Mlipaji wa pili alikuwa mtazamaji. Mwaka 2007 klabu nyingi zilizokuwa zikiwakaribisha Galaxy ziliuza tiketi kwa jina la mtu mmoja. Wazazi waliwachukua watoto wao, wakalipa kiingilio na maegesho, wakanunua na jezi, kisha wakamwona waliyemfuata amekaa benchi na kifundo kilichofungwa bandeji. Hawakurudishiwa kitu. Mkataba ulikuwa baina ya klabu na mchezaji. Shabiki hakuwa na saini yake pale, ingawa fedha ilikuwa yake.

Hesabu ya wenye mali

Sasa tugeukie upande wa pili wa daftari. Mwaka 2007 ligi ilikuwa na klabu 13. Mpya kati ya hizo, Toronto ya Kanada, ilikuwa imelipa dola milioni 10 kama ada ya kuingia. Mwaka 2012, Beckham alipoondoka, klabu zilikuwa 19, na Montreal iliyoingia mwaka huo ililipa milioni 40. Mwaka 2013 klabu mpya ya New York ilikubali kulipa milioni 100. Charlotte, mwaka 2019, milioni 325. San Diego, mwaka 2023, milioni 500. Mtu aliyekuwa akimiliki klabu moja mwaka 2007 na akakaa kimya tu bila kuuza, aliamka miaka 15 baadaye akiwa na mali ambayo asingeiota.

Haitakuwa haki kumpa mtu mmoja sifa zote hizo. Viwanja vipya vya mpira vilijengwa katika miji mingi. Wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini na Mexico, waliozaliwa na mpira mguuni, waliongezeka mijini. Seattle, iliyoingia mwaka 2009, iliwajaza maelfu kwa maelfu uwanjani bila Beckham kuvaa jezi yake. Hata hivyo, mtu akiwa na duka lisilojulikana kichochoroni, wa kwanza kumletea wateja si bidhaa. Ni yule anayepiga kelele barabarani. Beckham alikuwa mpiga kelele huyo. Baada yake, Thierry Henry alijiunga na New York mwaka 2010, na wengine wakafuata, kwa kuwa hapakuwa tena na aibu kwa mchezaji mkubwa kwenda Marekani.

Na kile kifungu tulichomwomba msomaji akiweke akilini? Mwezi wa Februari 2014 Beckham alitangaza kwamba anaitumia haki yake ya kununua klabu kwa dola milioni 25, katika mji wa Miami. Mwaka mmoja nyuma wengine walikuwa wamekubali kulipa mara nne ya bei hiyo. Safari haikuwa nyepesi: mipango ya uwanja ilikwama mara nyingi, na Inter Miami haikuanza kucheza hadi mwaka 2020. Lakini mwaka 2023 alifika Messi, bingwa wa dunia, na jezi za waridi za klabu hiyo zikaonekana hadi katika mitaa yetu. Mkataba wa Messi nao ulifuata mfano ule ule: mbali na mshahara, sehemu ya mapato kutoka kwa makampuni ya Apple na Adidas, pamoja na haki ya kuja kumiliki hisa katika klabu.

Je, ilistahili?

Jibu letu ni kwamba swali lenyewe lina mlango zaidi ya mmoja. Bei ni kile kilicholipwa. Thamani ni kile kilichobaki baada ya kulipwa. Ukiuliza kama mkataba ule ulistahili gharama, lazima useme kwa nani.

Kwa wenye ligi ulistahili, tena kwa mbali. Walilipa bei ya jina, wakapata mali iliyopanda mara nyingi. Kwa shabiki wa Galaxy, misimu mitatu ya mwanzo ilikuwa hasara, na miwili ya mwisho ilimfuta machozi. Kwa mchezaji chipukizi wa dola 12,900, faida haikumfikia wakati ule. Iliwafikia waliokuja baada yake, malipo ya chini yalipopanda. Kwa shabiki wa mji mwingine aliyenunua tiketi moja ili amwone mtu aliyekaa benchi, haukustahili hata kidogo. Na kwa Beckham mwenyewe, mshahara uliowashangaza watu haukuwa sehemu bora ya mkataba. Sehemu bora ilikuwa ni kile kifungu cha kununua klabu, kwa sababu mshahara ulikwisha alipovua viatu, na umiliki ukabaki. Alipojiunga na Paris Saint-Germain kwa miezi 5 mwaka 2013, aliuelekeza mshahara wake wote kwa taasisi ya kuwasaidia watoto wa mji huo. Ni tendo jema, na ni tendo linalowezekana zaidi kwa mtu ambaye mshahara si tegemeo lake.

Kuna jambo jingine ambalo tunaliona kuwa kubwa kuliko yote. Pelé alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Beckham, na bado ligi iliyomnunua ilikufa. Kilichozitofautisha ligi hizo mbili hakikuwa ubora wa nyota. Ile ya kwanza iliacha kila klabu ishindane na jirani yake katika matumizi. Ya pili ilishikilia kikomo na kusema kwamba anayetaka anasa ailipe kwa fedha yake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Jina kubwa ni tanga tu, na likipandishwa juu ya jahazi bovu huliharakisha kuzama.

Tunalolipeleka nyumbani

Mambo haya yanazigusa familia zetu moja kwa moja, na hatupendi yaishie Los Angeles.

La kwanza ni lile swali la zahanati. Ni swali la heshima, lakini fedha za Beckham hazikuchotwa katika sanduku la hospitali. Zilitoka kwa watazamaji: katika viingilio, jezi, na bidhaa zilizotangazwa kwa sura yake. Nasi tumo. Kifurushi cha king'amuzi kinacholipiwa kila mwezi, kiingilio cha kibanda umiza, jezi ya mtoto yenye jina la mtu mgongoni, vyote ni matone yanayoujaza mtungi ule. Mabaya zaidi ni fedha ya mkeka wa kubeti, ambayo ni haramu na ambayo imekula ada za shule katika nyumba nyingi. Anayeona kwamba wachezaji wanalipwa kupita kiasi asimlaumu mchezaji aliyepokea. Aanze kukagua mfuko wake mwenyewe, kwa kuwa huo ndio anaoutawala.

La pili ni kuhusu watoto wetu wa kiume, na siku hizi hata wa kike, wanaoota kuwa nyota. Tusiwakejeli. Kipaji ni neema, mwili wenye afya ni neema, na kulipwa kwa kazi ya halali si dhambi. Lakini tuwape picha nzima. Mtoto anayetajiwa dola milioni 6 na nusu atajiwe pia dola 12,900, tena atajiwe zote mbili kwa pumzi moja, kwa sababu zilipatikana katika timu moja, msimu mmoja. Na hata huyo wa 12,900 alikuwa ameshawashinda maelfu waliobaki nje ya lango. Aambiwe pia kuhusu kifundo na kano ya kisigino: mwili ndio mtaji wa mchezaji, na siku moja tu inatosha kuupoteza. Kwa hiyo daftari na mpira vikae katika mkoba mmoja.

La tatu linahusu mikataba yenyewe. Vijana wetu wenye vipaji husainishwa karatasi wasizozisoma na watu wasiowajua, wakati mwingine kwa lugha wasiyoielewa, huku wazazi wakishangilia kiasi kilichotajwa kwa mdomo. Dini yetu imetufundisha kuandikiana, kuweka mashahidi na kutimiza ahadi, na hekima yake inaonekana wazi hapa. Mzazi aulize maswali machache tu. Mshahara wa hakika ni kiasi gani, na makisio ni kiasi gani? Mtoto akiumia nani atamtibu, na ataendelea kulipwa kwa muda gani? Wakala anachukua sehemu gani? Mkataba unavunjwaje? Na je, kuna chochote kitakachobaki mikononi mwa kijana baada ya kuacha kucheza? Beckham alikuwa na wanasheria walioliona hilo swali la mwisho miaka 7 kabla halijahitajika. Kijana wetu hana wanasheria, ila ana baba, ana mama, ana mjomba anayejua kusoma, na ana walimu na wazee wa msikitini anaoweza kuwaomba ushauri kabla ya kushika kalamu.

La nne ni la kila siku, na linaihusu hata nyumba isiyo na mchezaji. Wengi wetu tunapopata kazi tunauliza mshahara tu. Mwenye kibanda, mwenye shamba, mwenye cherehani yake anajua siri ambayo mkataba wa Beckham umeithibitisha kwa mamilioni: ujira unalisha leo, na kinachomilikiwa kinalisha kesho. Familia inayoweka akiba kidogo kila mwezi hadi ikanunua kiwanja au hisa katika ushirika wa halali inafanya, kwa kipimo chake, jambo lile lile ambalo nyota yule alilifanya kwa kipimo chake.

Tunashauri basi kwamba wiki hii, watoto watakapoleta habari ya mkataba mpya wa mchezaji wampendaye, wazazi wasiizime habari hiyo kwa karipio. Waichukue kalamu na karatasi, waketi nao baada ya chakula cha usiku, waandike upande mmoja kilicholipwa na upande wa pili kilichobaki, na chini yake majina ya waliolipa. Kisha wageuze karatasi, na upande wa nyuma waandike matumizi ya nyumba yao wenyewe kwa mwezi ule, kwa mpangilio ule ule.